Kibaba cha Pumzi

Desemba 1732, katika mji wa Alloa huko Uskoti, mchimbaji wa makaa ya mawe alitolewa shimoni akiwa hana pumzi wala mapigo ya moyo. Moshi wa makaa ulikuwa umemzidi huko chini. Ngozi yake ilikuwa ya baridi, macho yamekodoka, kinywa kimeachama. Daktari mpasuaji William Tossach aliinama, akaubandika mdomo wake juu ya mdomo wa yule mtu na kupuliza kwa nguvu zake zote. Hewa ikatokea puani. Akambana pua, akapuliza tena hadi kifua kikainuka, na papo hapo akahisi moyo ukipiga mara sita au saba, haraka haraka. Saa chache baadaye mchimbaji alirudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, na baada ya siku chache alikuwa kazini.

Tossach aliichapisha habari hiyo mwaka 1744. Mwaka uliofuata daktari mmoja wa London, John Fothergill, aliijadili mbele ya wanasayansi wa Royal Society. Wapo waliodhani kwamba mvukuto, ule wa kuchochea moto, ungefanya kazi hiyo vizuri kuliko mdomo wa binadamu. Fothergill hakukubali. Alisema kwamba pafu la mtu linaweza kuhimili, bila kudhurika, nguvu yoyote ambayo pafu la mtu mwingine linaweza kutoa. Lakini nguvu ya mvukuto nani ataipima?

Swali hilo halikupata jibu la takwimu hadi mwaka 2000. Ni miaka 255. Katikati yake matabibu waliliuliza, wakalisahau, wakaliuliza tena, na gharama ya kusahau ililipwa na wagonjwa mahututi. Hii ni historia ya jeraha linaloletwa na pumzi yenyewe: mapafu yanayochanika, kuvimba na kujaa maji kwa sababu hewa iliyokuja kuyaokoa imezidi kiasi.

Mvukuto wa waokoaji

Onyo la Fothergill halikuwazuia watu. Mwaka 1767 wananchi wa Amsterdam waliunda chama cha kuwaokoa waliozama majini, maana mji wao umejaa mifereji. London ikafuata mwaka 1774 na chama kilichokuja kuitwa Royal Humane Society. Mvukuto ukaingia katika masanduku ya vifaa vya uokoaji, na kwa zaidi ya nusu karne ukahesabiwa kuwa chombo cha kisasa. Kumpuliza mtu kwa mdomo kulionekana ni jambo la wakunga na la watu wasio na adabu.

Kisha mwaka 1827, jijini Paris, Jean-Jacques Leroy d'Étiolles aliwaeleza wanasayansi alichokiona kwa wanyama. Mvukuto ukisukumwa kwa nguvu, vifuko vidogo vya hewa ndani ya pafu hupasuka. Hewa huvuja na kujaa kati ya pafu na ukuta wa kifua. Pafu hunywea kama puto lililotobolewa, na mnyama hufa. Leroy hakuishia kulaumu. Alitengeneza mvukuto wenye alama za vipimo, ili hewa inayoingia iendane na umbile la mgonjwa. Alikuwa amelikaribia jibu kuliko yeyote kabla yake, lakini wakubwa wa tiba walisikia nusu ya kwanza tu ya hoja yake, kwamba mvukuto unaua. Ufaransa ikaukataa, na Uingereza nayo ikauacha katika miaka ya 1830. Kwa karibu miaka mia moja, kusukuma hewa ndani ya mapafu ya mgonjwa lilikuwa jambo la kuogopwa.

Ndiyo maana mashine kubwa ya kwanza ya kupumulia haikusukuma hewa hata kidogo. Mwaka 1928, Philip Drinker na Louis Agassiz Shaw wa Chuo Kikuu cha Harvard walitengeneza pipa la chuma ambamo mgonjwa alilazwa, kichwa kikibaki nje. Pampu ilifyonza hewa kutoka ndani ya pipa, kifua kikapanuka chenyewe, na pumzi ikaingia puani kama kawaida. Watu waliliita pafu la chuma. Liliwaokoa wengi miongoni mwa wale ambao polio iliwapoozesha misuli ya kupumulia. Lakini lilikuwa ghali, na mgonjwa aliyejaa makohozi kooni halikumfaa.

Mikono ya Copenhagen

Udhaifu huo ulijitokeza wazi mwaka 1952. Polio iliupiga mji wa Copenhagen vibaya kuliko wakati wowote. Hospitali ya magonjwa ya kuambukiza ya Blegdam ilipokea hadi wagonjwa 50 kwa siku. Ilikuwa na pafu la chuma moja na vifaa sita vidogo vya kufunga kifuani. Katika wiki tatu za mwanzo, wagonjwa 31 waliwekwa kwenye vifaa hivyo, na 27 kati yao wakafa.

Mganga mkuu, Henry Lassen, alimwita daktari wa usingizi aitwaye Bjørn Ibsen, jambo lisilo la kawaida, kwani siku zile madaktari wa usingizi hawakutoka nje ya chumba cha upasuaji. Tarehe 27 Agosti Ibsen alipewa msichana wa miaka 12, aliyepooza mikono na miguu, akizama katika makohozi yake mwenyewe. Alitobolewa koo na kuwekewa mpira wa kupitisha hewa. Ibsen akaunganisha mfuko wa mpira uliojaa oksijeni na kuanza kuukamua kwa mkono. Msichana alipambana na pumzi hiyo ngeni, kifua kikagoma. Ibsen akampa dawa ya usingizi. Mwili ukalegea, kifua kikakubali, rangi ikarudi usoni. Madaktari waliokuwa wamesimama pale, wengine wameshaanza kuondoka, waliona mtu akirudi.

Sasa ikahitajika mikono. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 waliitwa kwa zamu, usiku na mchana, kila mmoja akiketi kando ya kitanda na kuukamua mfuko. Kuna wakati wagonjwa 70 walikuwa wakipumuliwa kwa mikono kwa pamoja. Kabla ya hapo, karibu wagonjwa tisa kati ya kumi waliofikia hali hiyo walikufa. Vifo vikashuka chini ya nusu. Chumba cha wagonjwa mahututi, hiki tunachokiita ICU, kilizaliwa hapo.

Jambo moja la siku zile halikuandikwa katika majedwali. Mwanafunzi aliyeushika mfuko alilihisi pafu. Pafu likiwa laini, mfuko ulikamulika kwa urahisi. Likikakamaa, kiganja kilikataliwa, na mwanafunzi alipunguza. Miaka michache baadaye, mwaka 1956, Wadenmark wengine wawili, Henning Ruben na Holger Hesse, walitoa mfuko unaojijaza wenyewe bila kuunganishwa na mtungi. Ndio ule ambao wauguzi wetu wanauita ambu, na kila aliyewahi kuushika anaujua ukinzani huo wa mkononi.

Lakini wanafunzi hawawezi kukaa kando ya vitanda milele. Wahandisi wa Uswidi, Uingereza na Marekani walitengeneza mashine za kusukuma hewa, na kufikia miaka ya 1960 zilikuwa zimeenea. Mkono huchoka, ila huhisi. Mashine haichoki wala haihisi. Husukuma kile ilichoamriwa. Mvukuto ulikuwa umerudi, safari hii ukiwa na injini.

Pumzi kubwa

Iamriwe kiasi gani? Mwaka 1963 madaktari wa usingizi wa Boston, wakiongozwa na Henrik Bendixen, walionyesha kwamba mgonjwa wa upasuaji anayepumuliwa kwa pumzi ndogo ndogo zisizobadilika, baadhi ya vifuko vyake vya hewa hujifunga na oksijeni kushuka katika damu. Pumzi kubwa ilivifungua. Kwa mtu mwenye mapafu mazima anayelala saa chache mezani, hoja ilikuwa sahihi. Ikahamia ICU bila kuulizwa maswali. Mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mwili ikawa desturi, wakati binadamu aliyepumzika huvuta takriban nusu ya hapo.

Mwaka 1967 David Ashbaugh, Thomas Petty na wenzao wa Denver, Marekani, walieleza habari za wagonjwa 12 waliokuwa na balaa moja ingawa chanzo kilitofautiana: ajali, maambukizi, uvimbe wa kongosho. Mapafu yao yalikakamaa, yakajaa maji, na oksijeni haikupita. Saba walikufa. Ugonjwa huo leo unajulikana kwa kifupi cha ARDS. Timu hiyo iligundua pia kwamba kubakiza shinikizo kidogo mwishoni mwa kila pumzi, ili vifuko visijifunge kabisa, kuliwasaidia baadhi yao.

Hivyo ndivyo mapafu magonjwa kuliko yote yalivyokutana na pumzi kubwa kuliko zote. Daktari alipoona oksijeni inashuka, aliongeza msukumo. Madhara yalionekana wazi wakati mwingine: hewa ilivuja kutoka kwenye pafu, ikatambaa kandokando ya mishipa ya damu hadi katikati ya kifua, kisha ikapanda shingoni. Charles Macklin wa Kanada alikuwa ameichora njia hiyo hatua kwa hatua tangu mwaka 1939. Muuguzi akimgusa mgonjwa kama huyo shingoni, ngozi iliyovimba hutoa mlio hafifu chini ya vidole, kama majani makavu. Madaktari waliingiza mpira kifuani kutoa hewa, wakaendelea. Ilidhaniwa kwamba jeraha la shinikizo ni hilo tu, lile la kupasuka. Kama hakuna kilichopasuka, hakuna kilichodhurika.

Panya wa Webb, panya wa Dreyfuss

Mwaka 1974 H. H. Webb na Donald Tierney walichapisha jaribio la panya huko Marekani. Shinikizo la mashine hupimwa kwa sentimita za maji: ukitumbukiza mrija sentimita 30 ndani ya ndoo na kupuliza hadi povu litoke chini, umetumia shinikizo la sentimita 30. Panya waliopumuliwa kwa sentimita 14 kwa saa moja hawakuwa na shida. Kwa 30, maji yalianza kukusanyika kuzunguka mishipa ya damu. Kwa 45, mapafu yalifurika maji, na panya wakafa kabla saa haijaisha. Hakuna kilichokuwa kimepasuka. Na wale waliopewa 45 hiyohiyo, lakini mashine ikabakiza 10 mwishoni mwa kila pumzi, vifuko vyao havikufurika.

Yalikuwa matokeo mawili katika jaribio moja. Kunyoosha kupita kiasi kunajeruhi bila kupasua. Na kufunga na kufungua vifuko kila pumzi kunajeruhi pia. Chukua mfuko wa plastiki uliolowa na kugandana, uachanishe, uuache ugandane, uuachanishe tena. Mashine inayopumua mara 20 kwa dakika hufanya hivyo mara 28,800 kwa siku.

Wodi hazikubadilika. Panya si mtu, walisema wengi. Lilibaki pia swali la haki: kinachoua ni shinikizo lenyewe, au ni ukubwa wa pumzi? Jibu lilitoka Ufaransa mwaka 1988, kwa Didier Dreyfuss na Georges Saumon. Kundi la kwanza la panya walilisukumia hewa kwa shinikizo kubwa. Mapafu yakavimba kama ya Webb. Kundi la pili walilitia katika pafu la chuma la kipanya, wakavinyoosha vifua kwa kufyonza kutoka nje, pumzi ikiwa kubwa bila msukumo wowote kooni. Mapafu yakaumia vilevile. Kundi la tatu walilifunga mikanda kifuani na tumboni, kisha wakalisukumia shinikizo kubwa lileile. Mikanda ilizuia kifua kutanuka. Mapafu yakabaki salama.

Vijana wa matarumbeta wanaopiga harusini Dar es Salaam wangeweza kulithibitisha bila maabara. Mpiga tarumbeta anayeitafuta noti ya juu hutengeneza kifuani shinikizo linaloweza kuzidi sentimita 100 za maji, na jioni anarudi nyumbani mzima, kwa sababu misuli ya kifua chake imelibana pafu lisitanuke. Lawama ikahama kutoka kwenye nguvu ya kusukuma kwenda kwenye kunyooka kwa pafu. Namba ya shinikizo inayoonekana kwenye mashine ni dalili tu. Jeraha linatokea pale nyuzi za pafu zinapovutwa kuliko uwezo wake.

Wakati huohuo, Milan, Luciano Gattinoni aliwapitisha wagonjwa wa ARDS katika kipimo cha CT. Picha za kawaida za eksirei zilikuwa zimeonyesha mapafu meupe yote. CT ilionyesha mengine: sehemu ya nyuma imejaa maji na kujifunga, na hewa inaingia katika kisehemu cha mbele tu. Mtu mzima alikuwa amebakiwa na mapafu yanayofanya kazi yenye ukubwa wa mapafu ya mtoto wa miaka mitano au sita. Gattinoni akayaita mapafu ya kitoto. Sasa hesabu ikatisha: pumzi ya mtu mzima, tena iliyoongezwa mara mbili, ilikuwa inamiminwa katika kifua cha mtoto.

Namba iliyodanganya

Wa kwanza kuthubutu kupunguza walionekana wanacheza na maisha. Pumzi ikipunguzwa, hewa chafu ya kaboni dioksidi hurundikana katika damu, na kila daktari alikuwa amefundishwa kuirekebisha. Keith Hickling na wenzake wa Christchurch, New Zealand, waliiacha irundikane. Mwaka 1990 waliripoti wagonjwa 50: vifo vilikuwa asilimia 16, wakati makadirio ya ukali wa ugonjwa wao yalitabiri karibu asilimia 40. Halikuwa jaribio la kulinganisha makundi, kwa hiyo wenye shaka walikuwa na haki yao. Mwaka 1998 Marcelo Amato wa Brazil alilinganisha wagonjwa 53: kundi lililolindwa lilipoteza asilimia 38 katika siku 28, la desturi ya zamani asilimia 71.

Hatimaye vituo kumi vya vyuo vikuu vya Marekani viliungana. Kuanzia 1996 hadi 1999 waligawa wagonjwa 861 kwa kura: mililita 12 kwa kilo kwa hawa, mililita 6 kwa wale, na shinikizo la pafu lililojazwa lisizidi sentimita 30 kwa kundi la pili. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati. Matokeo yalichapishwa Mei 2000: waliopewa pumzi kubwa walikufa asilimia 39.8, waliopewa ndogo asilimia 31.

Katika majedwali ya jaribio hilo kuna jambo ambalo kila mwanafunzi wa tiba anapaswa kulitazama mara mbili. Siku ya kwanza na siku ya tatu, oksijeni ya damu ilikuwa nzuri zaidi kwa wale wa pumzi kubwa. Daktari aliyepita wodini asubuhi na kusoma namba za kitandani angesema kundi hilo linapona haraka, kumbe ndilo lililokuwa likifa zaidi. Kwa miaka arobaini namba hiyo ndiyo iliyoongoza mkono wa daktari.

Kwa nini walikufa, wakati wengi wa wagonjwa wa ARDS hufa si kwa kukosa oksijeni bali kwa figo, ini na moyo kushindwa? Arthur Slutsky na Lorraine Tremblay wa Toronto walikuwa wameonyesha mwaka 1997 kwamba pafu la panya linalonyooshwa vibaya hutoa kemikali za uvimbe kwa wingi. Kutoka pafuni, kemikali hizo zinaweza kuingia katika damu na kwenda kuunguza viungo vingine. Jeraha la kifuani halibaki kifuani.

Yaliyofuata yameenda njia ileile ya kulipunguzia pafu mzigo. Mwaka 2013 Claude Guérin na wenzake wa Ufaransa walionyesha kwamba kumlaza mgonjwa mahututi kifudifudi kwa saa 16 au zaidi kwa siku, ili pumzi isambae sawasawa, kulipunguza vifo vya siku 28 kutoka asilimia 32.8 hadi 16. Hakukuhitajika kifaa kipya. Kulihitajika wauguzi wa kutosha kumgeuza mtu mwenye mipira mwilini.

Hapa kwetu

Afrika Mashariki imo katika historia hii kwa mchango wake yenyewe. Tafsiri rasmi ya ARDS ilidai kipimo cha gesi za damu, eksirei na mashine ya kupumulia, kwa hiyo pasipo vitu hivyo ugonjwa haukuhesabika kuwepo. Katika hospitali kuu ya chuo kikuu jijini Kigali, watafiti walitumia klipu ya kidoleni inayopima oksijeni na mashine ya altrasaundi. Kati ya wagonjwa 1,046 walikuta asilimia 4 wana ugonjwa huo, na nusu yao walikufa. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2016, na tafsiri mpya ya kimataifa ya mwaka 2023 ilizikubali njia za Kigali.

Korona ilipofika mwaka 2020, mjadala wetu, kama wa dunia nzima, ulikuwa wa idadi: nchi ina mashine ngapi za kupumulia? Historia inauliza pia nani ataipangia mashine kiasi. Utafiti mkubwa wa nchi 50, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta kwamba chini ya theluthi mbili ya wagonjwa wa ARDS ndio waliopewa mililita 8 kwa kilo au pungufu yake, miaka mingi baada ya jibu kupatikana.

Na kilo yenyewe si ile ya mizani. Mapafu hayanenepi: mtu akiongezeka uzito, kifua chake hakipati vifuko vipya. Kipimo sahihi hutokana na urefu. Mwanamke wa sentimita 160, awe mwembamba au mnene, hukadiriwa kama mtu wa kilo 52. Mililita 6 kwa kilo ni kama 312: chupa moja ya soda ya mililita 300 na funda moja juu yake. Desturi ya zamani ingemmiminia chupa mbili na zaidi kila pumzi, kisha ingeandika kwamba oksijeni yake inaridhisha. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa mapafu yaliyoumia, kibaba chenyewe kimepungua.

Leroy d'Étiolles alichora alama kwenye mvukuto wake ili mgonjwa apewe hewa inayomtosha. Alama hizo leo zimo ndani ya kila mashine. Kinachohitajika ni utepe wa fundi cherehani, na mtu wa kuunyoosha kutoka utosini hadi kisiginoni kabla mashine haijawashwa.